Fundi Mbaruk na Hadithi ya Ngazi ya Chini

Kaka yangu Mbaruk ni fundi cherehani hapa Shela, Malindi, na ukimtaka leo utamkuta pale pale barazani kwake, kichwa kimeinama juu ya mashine. Atakushonea. Kanzu yake bado inakaa begani inavyostahili kukaa. Lakini ukimwuliza usome nini, atakwambia, "Chagua mwenyewe," na hatainua macho. Wanaopita huchekeana na kusimuliana kisa chake. Mimi, dada yake mdogo, Hindu, kicheko hicho kimenichosha, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Zamani kidogo, kabla ya haya, watu walitoka Sabaki na vitambaa vyao kwapani, wakawapita mafundi wengine njiani, wakaja kwake. Hawakufuata mshono peke yake. Walifuata pia ile kamba iliyotundikwa barazani, nusu yake nguo zilizokwisha kushonwa, nusu yake madaftari ya shule yaliyobanwa kwa vibanio vya nguo. Yale madaftari yalikuwa hadithi, na hadithi zile tuliziandika wenyewe hapa mjini.

Mwanzo wake ulikuwa televisheni ya Bwana Simeon. Bwana Simeon ni Mkamba, karani wa serikali aliyehamishiwa huku, na ni jirani mwema kuliko wengi waliozaliwa hapa. Jumamosi jioni aliiweka televisheni yake dirishani, uso umeelekea nje. Wanaume wakakaa uani juu ya mikeka, sisi wanawake upande wa jikoni, na sote tukatazama mchezo uitwao Jirani wa Juu. Ulikuwa mchezo wa nyumba moja ya ghorofa huko Nairobi. Juu walikaa mashemeji wenye roho mbaya, katikati mke mmoja mpole aitwaye Sabina na mumewe mgonjwa, na chini kabisa, nyuma ya mlango uliokuwa wazi siku zote, kulikuwa na fundi cherehani. Fundi yule hakuwahi kusema neno hata moja. Aliwekwa pale ashone tu, watu wakipanda na kushuka.

Kaka yangu alimchukia fundi yule kwa dhati. "Mtazameni mguu!" alipiga kelele mpaka watoto wakaamka. "Mashine inakwenda na mguu umelala! Anashona kwa dua huyo?" Sisi tulitazama machozi ya Sabina, yeye alitazama kanyagio.

Kisha mume wa Sabina akafa. Mashemeji wakamtoa nyumbani, na sehemu ile ikaisha Sabina amesimama ngazini, sanduku mkononi. Jumamosi iliyofuata tulijaa uani mapema, tukaonyeshwa namna ya kuhifadhi mahindi ghalani. Jumamosi ya pili, mahindi tena. Mchezo ulikuwa umekatwa, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia. Bibi mmoja wa pale Shela aliuliza, tena kwa hasira ya kweli, "Sasa yule mtoto wa watu atasimama ngazini mpaka lini?"

Basi watu wakamshusha wenyewe, kwa kalamu. Wa kwanza alikuwa Easter, binti yake Bwana Simeon, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye maneno machache na mwandiko wa kupendeza. Akafuata Kamande, mhudumu wa hoteli za pwani kule, mtu wa vichekesho. Akafuata Kaingu, mkulima wa Sabaki. Baadaye hata waliokuwa hawaandiki barua kwa mama zao wakaandika. Wengine waliingiza na Sajini Pweza, yule polisi wa kitabu cha picha kilichokuja na basi la Mombasa kila mwezi, ambaye mikono yake ilikamata wezi wanane kwa mkupuo mmoja. Kila kilichoandikwa kililetwa kwa Mbaruk, maana ndiye aliyekuwa na baraza, na ndiye aliyekuwa na jicho.

Mwenyewe hakuandika hata mstari. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Ulipoleta kitambaa alikupima kwa futi yake, mabega, kifua, urefu, na akikupima alikusaili: umelala vipi, mama anaendeleaje, mbona umekonda. Akimaliza, alikugeuzia mgongo na kusimama mbele ya kamba. "Wewe leo huwezi kulia," alimwambia mwanamke mmoja aliyefiwa na mbuzi wake wa maziwa. "Chukua hii ya Kamande. Sajini Pweza anaingia katika nyumba ya Jirani wa Juu na kukamata jengo zima mpaka paka." Kwa mtu mwenye majivuno alitoa ya Kaingu, ambayo kila aliyemo hufa, na kila matanga yameelezwa mpaka wali ulivyopikwa. "Nenda kasome, ujue na wewe utaliwa wali." Wala hakukosea. Mtu aliondoka akinung'unika, akarudi akicheka, au ametulia.

Kwetu, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Ukiletewa mbaazi, bakuli utalirudisha na kitu ndani, japo ndimu mbili. Mbaruk aliifanya hiyo ndiyo sheria ya madaftari. Ukisoma, uandike nyuma ulivyoona, hata neno moja. Ukurasa wa nyuma wa daftari la Easter ulijaa kuliko yote. Hadithi yenyewe aliiita Ngazi ya Chini. Humo Sabina anashuka na sanduku lake, na yule fundi bubu wa mlangoni, kwa mara ya kwanza, anafungua kinywa. Kaka yangu alimsaidia Easter kidogo, maana hakutaka fundi wa watu akanyage mashine ovyo hata ndani ya daftari. Alimwonyesha mguu unavyokwenda, na uzi unavyokatwa kwa meno mkasi ukiwa mbali. Zaidi ya hapo hakutia mkono. Na nyuma ya daftari lile, kwa wino wa bluu, palikuwa na maneno ya Jaafar, mwenye duka la nafaka: "Hii nzuri mno. Nimeisoma, nimeirudia." Muyakumbuke maneno hayo, maana mwenyewe aliyasahau.

Jaafar alikuwa na dada, Batuli.

Batuli tulikuwa rika moja, tumesoma chuo kimoja cha Kurani. Alipokuwa msichana, mama yetu alikwenda kumposea Mbaruk, akaambiwa binti ameshasemewa na Fumo, mchuuzi wa samaki wa kupeleka Mombasa. Ilikuwa kweli au ilikuwa adabu ya kutukataa, sikujua. Fundi si kitu mbele ya mchuuzi. Batuli akaolewa na Fumo, akakaa naye vizuri, hawakupata mtoto. Mbaruk hakuoa. Watu walipomwuliza alisema bado anatafuta kitambaa, wakacheka, naye akacheka nao. Jumamosi kwa Bwana Simeon Batuli aliketi ubavuni mwangu, na Mbaruk alipomtukana fundi wa televisheni, Batuli ndiye aliyejibu kutoka upande wetu, kwa sauti ya kusikika: "Mwacheni maskini, labda mguu unamuuma!" Uani kote watu waliangua kicheko. Kaka yangu alitazama miguu yake mwenyewe.

Fumo alishikwa na malaria baada ya mvua za masika na hakuamka nayo. Mwaka ulikuwa themanini na sita. Batuli akaingia eda nyumbani kwa kaka yake Jaafar, miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka: hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni.

Wiki chache baada ya arubaini ya Fumo, Mbaruk aliniita. Alikuwa akitia vifungo, na hakuacha kutia vifungo. "Hindu," alisema, "eda yake ikiisha, utakwenda na shangazi kwa Jaafar mnipelekee posa. Si siku hiyo hiyo. Iache ipite kidogo, watu wasiseme tulikuwa tukivizia. Na mpaka hapo sitaki jina lake litajwe kwenye baraza hii."

"Na akikataa tena?"

"Akikataa yeye, sawa. Mara ile hakuulizwa yeye."

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Mtu amesubiri miaka yote ile, na bado anajipangia kusubiri zaidi ili jina la mwanamke lisiguswe. Huyo ndiye wanayemcheka.

Nilikuwa nikienda kwa Batuli karibu kila alasiri. Wanawake walikuja kumpa shughuli, tukasuka ukili wa mikeka pamoja, tukazungumza ya kuzungumzika. Mwanatumu, mkewe Jaafar, alikaa mlangoni pa chumba kama askari wa benki. Siku moja Batuli aliniambia mbele ya wote, wala si kwa siri, "Kuta zitaniua. Mwambie Mbaruk anichagulie kitu cha kusoma." Nikamwambia. Alimpelekea ya Kamande, na ilikuwa sawasawa. Batuli aliisoma kwa sauti, tukacheka mpaka Mwanatumu akatukumbusha kuwa nyumba ina msiba. Nyuma yake Batuli aliandika, "Huyu Pweza angekuja kumkamata na wifi yangu."

Aliporudisha alisema, "Sasa nataka ya Sabina. Ile iliyo bora. Na mwambie asinipe ya kunibembeleza mimi. Bora."

Nikamfikishia kaka yangu maneno hayo kama yalivyo. Alisimama mbele ya kamba, mkasi mkononi, akakaa hapo mpaka chai yake ikapoa. Za Sabina zilikuwa tatu. Akashika ya Kaingu na kuiacha, maana hutampa mjane matanga. Akashika moja ya Kamande, ambamo Sabina anapanda tena juu na kuwaomba mashemeji radhi, akaguna. "Hii nguo ya dukani. Haimkai mtu yeyote." Akatoa ya Easter. "Amesema bora. Bora ni hii."

Wallahi hakuwaza zaidi ya hapo, na mimi pia sikuwaza. Daftari lile lilikuwa limepita mikononi mwa nusu ya mji Fumo akiwa hai na anakula samaki wake. Fumo mwenyewe alipata kusomewa. Kwetu lilikuwa hadithi ya televisheni, na fundi wa mle ndani alikuwa yule yule wa mguu uliolala. Kaka yangu angeweza kumdanganya mteja juu ya siku ya kuchukua nguo, kama mafundi wote, lakini kumpa mtu hadithi ya pili kwa ubora baada ya kuulizwa ya kwanza, hilo hakuliweza. Na hasa kwa Batuli hakuliweza.

Batuli alianza kuisoma alasiri ile ile, sisi tukisuka. Alisoma vizuri, kila mtu kwa sauti yake. Sabina akashuka. Fundi akasimamisha mashine na kusema, "Sanduku hilo zito, dada. Liweke humu, na wewe uketi. Mlango nitauacha wazi, watu wasiseme." Wanawake wakafanya "Aaa." Wengi wetu tuliijua, lakini tulifanya "Aaa." Akaendelea mpaka pale mwishoni, fundi anaposema kwamba miaka yote aliyoketi mlangoni hakuwa akishona tu, alikuwa akisikiliza hatua zake ngazini, na anamwuliza kama atakubali asipande tena.

Vidole vikasimama kwenye ukili. Sijui vya nani vilitangulia. Naujua ukimya ule tu, na sauti ya Mwanatumu ndani yake.

"Fundi?" alisema. "Anamposa mjane? Kitabu hiki umeletewa na nani?"

"Mbaruk," nilijibu mimi, mpumbavu, kwa sababu ndilo jibu.

"Fundi Mbaruk," alisema Mwanatumu, na kuwatazama wenzake mmoja mmoja.

Mimi nilimtazama Batuli. Alikuwa ameshusha daftari mapajani. Sikuona hasira usoni mwake wala haya. Niliona uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu wa kuitwa mke wa fulani. Alilifunga daftari taratibu na kuliweka chini ya mto. Hapo ndipo nilipojua kuwa tumekwisha, na pia kwamba jibu la posa lingekuwa ndiyo.

Mpaka magharibi Shela nzima ilikuwa na habari: fundi ametuma posa ndani ya eda, tena ndani ya kitabu, kama wahuni. Kesho yake wakaanza kuja. Hawakumtukana. Laiti wangemtukana. Walikuja mmoja mmoja, wakasalimu, wakaomba vitambaa vyao. Aliyekatiwa alichukua vipande. Aliyeshonewa upande mmoja alichukua upande mmoja, na mikono ya kanzu isiyo na mwili. Kuchukua kitambaa kwa fundi kabla hajamaliza ni kumwambia kwamba mkono wake hutaki ukuguse. Mbaruk alivikunja vyote vizuri na kuwapa. Kabla ya adhuhuri hakukuwa na nguo barazani. Palikuwa na kamba, na madaftari yanapepea.

Mwalimu wa chuo alipita, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Alimwambia kuwa dini haikumfungia mlango mtu wa kuashiria tu, imekataza posa ya wazi, na kwamba hata kama alikusudia ishara hakuwa na dhambi. Yalikuwa maneno mazuri. Sikumsikia akiyasema msikitini. Mungu alimruhusu, majirani hawakumruhusu, na kwa majirani ndiko alikokuwa akiishi.

Siku ya tatu akaitwa barazani kwa Jaafar baada ya sala ya alasiri, na ndugu zake marehemu Fumo wapo. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, pamoja na Mwanatumu, na Batuli alikuwa kwenye chumba chake, mlango wazi. Sote tulisikia kila neno, na Jaafar alijua kuwa tunasikia.

Mbaruk alikuja na daftari mkononi. Mwanatumu alikuwa amelirudisha kwake kwa kulitupia barazani. Niliwaza, sasa atafungua ukurasa wa nyuma. Atamwonyesha Jaafar mwandiko wake mwenyewe wa bluu, nzuri mno, nimeirudia, na mambo yataisha kwa kicheko. Hakulifungua. Aliketi nalo magotini limefungwa. Nilikuja kumwuliza baadaye kwa nini, akasema, "Ni kakake Batuli. Nimfedheheshe mbele ya watu?"

"Mbaruk," alisema Jaafar, "Fumo hajakauka kaburini. Ulikusudia nini?"

"Sikukusudia kitu. Aliomba hadithi iliyo bora, nikampa iliyo bora."

"Utaapa?"

"Wallahi kwa hadithi hii sikukusudia posa."

Hapo ilikuwa imetosha. Ndugu zake Fumo walianza kusogeza miguu watafute viatu. Aliapa, na aliapa kweli. Lakini Jaafar ni mtu wa kupima nafaka, hutingisha kipimo ili kishuke, kisha huongeza. "Ngoja," alisema. "Na mwenyewe una nia naye? Eda ikiisha? Apa hilo pia, tumalize."

Nilishika pazia. Angesema anayo nia, wangeuliza tangu lini. Na swali hilo likishaulizwa katika mji huu halijibiki. Lingekuwa la Batuli si lake: kumbe walikuwa wakizungumza Fumo yu hai, kumbe zile Jumamosi kwa Bwana Simeon, kumbe kile kicheko cha mguu unaouma. Wangemchambulia kila neno alilotamka tangu aolewe. Angesema hana, basi mlango aliouchunga miaka yote anaufunga kwa mkono wake, na funguo anampa Jaafar.



"Wallahi," alisema kaka yangu, "sina nia naye."

Chumbani kwa Batuli mlango ulifungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa polepole, kama mlango wa mtu anayetaka kulala.

Kesho yake nilimpelekea Mbaruk chai ya asubuhi, akasema amefunga. Haikuwa Ramadhani wala sita za Shawwali, na nyumba yetu haina deni la saumu. Siku ya pili amefunga. Siku ya tatu amefunga. Hakuniambia kwa nini, nami sikuwa na haja ya kuambiwa. Kwa madhehebu yetu, mwenye kuapa uongo ana kafara: alishe maskini kumi au awavishe, na asipoweza, afunge siku tatu. Fundi mzima, barazani kwake hamkuwa na kitambaa cha kumvisha maskini hata mmoja, maana watu walikuwa wamekuja kuchukua vyao.

Baada ya kile kiapo mji ulimsamehe, kwa furaha kabisa. Vitambaa vikarudi, na ile mikono ya kanzu ikarudi ikitafuta miili yake. "Tuchagulie basi," walimwambia, wakicheka, "lakini si ile ya fundi!" Aliwashonea. Alipochagua, alichagua haraka, ya kwanza aliyoigusa.

Eda ikaisha. Jaafar hakuchelewa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibarani, Kilifi, mwenye duka la mabati na misumari, aliyekuwa akimwuzia Jaafar kwa bei ya kirafiki. Alikuwa na wake wawili na meno machache. Batuli hakukataa wala hakukubali, alinyamaza, na kunyamaza kwa mjane si kunyamaza kwa mwanamwali. Mjane anatakiwa kusema. Lakini Jaafar alihesabu kimya kile kuwa ndiyo, kama alivyozoea kuhesabu mambo yake.

Kisha akaja barazani kwetu na kitambaa cheupe, kizuri, cha kanzu ya bwana harusi. "Yamekwisha, fundi," alisema, akampiga Mbaruk begani. "Nimewaambia watu, hii ashone yeye, wajue hatuna kinyongo." Alikuwa amefurahi na wema wake. Laiti mkasi ungekuwa mkononi mwangu. Mbaruk alikipokea kitambaa, akakipapasa, akasema ni kizuri, akauliza vipimo.

Siku mbili kabla ya harusi nilikwenda kwa Batuli na bakuli la mbaazi. Nyumba ilijaa wanawake. Alinifuata jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile tulikuwa wawili peke yetu.

"Hindu, nitakuuliza kitu, ukamwulize kakako, uniletee jibu lake leo hii. Ile hadithi. Aliichagua kwa sababu ni bora, au kwa sababu ya fundi?"

"Batuli..."

"Sitaki lako. Nataka lake. Akisema ni kwa sababu ya fundi, sasa hivi natoka pale ukumbini na kusema sikubali. Kinywa ninacho, na sheria ninayo. Nenda."

Nilikwenda mbio, buibui limeniteremka begani, sikujali. Nilimkuta anatia nakshi shingo ya kanzu ile. Nilimwambia yote, neno kwa neno, na nikamwambia na langu: kwamba anachotakiwa kusema ni neno moja, tena la kweli.

Mguu wake uliacha kukanyaga. Alitazama kamba.

"Nimeapa mbele ya watu," alisema.

"Na ukafunga siku tatu! Nilikuona!"

"Akikataa leo mbele ya watu, kesho watauliza kwa nini. Watakumbuka fundi. Watasema tuliapa uongo wote wawili, mimi kwa mdomo, yeye kwa kukaa kimya. Atakula nini hapa mjini? Ataketi na nani?" Akanyoosha kitambaa. "Mwambie niliichagua kwa sababu ni bora. Na usiongeze neno, Hindu. Nakuomba kwa mama."

Nilirudi natembea. Jikoni mle Batuli alikuwa akinisubiri na bakuli langu mkononi, limeshaoshwa. Nikamwambia. Nilipotaka kufungua kinywa tena, Mwanatumu aliingia na wenziwe kutafuta sinia la hina, wakasimama hapo.

Batuli aliitika kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu wa mbali. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele yao, "Mwambie kakako sijapata kumwona akikosea, lakini hii amekosea. Si bora. Mwisho wake ni wa uongo." Akanipa bakuli. Lilikuwa tupu.

Nililichukua vile vile mpaka barazani na kuliweka juu ya mashine, mbele ya macho yake. Nikamwambia maneno. Alilitazama bakuli kwa muda.

"Alisema mwisho tu," aliuliza, "au yote?"

"Mwisho tu."

"Mwisho tu," alisema. Alionekana kufikiri, kama afikirivyo pale mteja anapolalamika kwapa limebana. "Labda ni kweli. Mwambie Easter autazame." Akarudi kwenye nakshi yake. Kanzu ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizopata kushona, kila mtu harusini aliisema, na yule mzee wa Kibarani aliivaa kama gunia.

Sikumwambia Easter autazame. Daftari nililitoa kwenye kamba siku ile ile na ninalo mimi. Batuli yuko Kilifi, hasomi tena, nimesikia. Msichana yeyote hapa Shela akiniuliza leo asome daftari lipi katika yale ya zamani, namwambia asome la Easter, ndilo bora. Na asiandike kitu nyuma.